Neno lililokatwa kwenye kalenda

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni mstari gani wa Biblia uliokuwa ukiuelewa hivi, kisha ukaja kuuelewa vingine?" Kwangu ni Yeremia 29:11, na aliyenifanya niusome upya hakuwa mchungaji wala mwinjilisti, alikuwa mtoto wa kaka yangu.

Nijitambulishe kidogo. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka 31, sasa nimestaafu, naishi Iringa na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Kwa hiyo mtanisamehe nikisahihisha njiani, kalamu nyekundu haistaafu.

Mstari wenyewe mnaujua. Uko kwenye kalenda, kwenye kadi za kipaimara, nyuma ya daladala, hata kwenye kuta za saluni. Kalenda yangu ya jikoni mwaka ule iliuandika hivi: "Nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Kijana wetu alikuwa anaingia mtihani wa Kidato cha Nne. Nikachukua kadi, nikamwandikia kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Mwanangu, Mungu anayajua mawazo anayokuwazia wewe. Yer. 29:11." Akaiweka ndani ya kitabu cha Hisabati.

Matokeo yalipotoka, divisheni ziro.

Alikuja kwangu baada ya wiki hivi, akakaa kwenye kigoda, chai hakuigusa. Akaniuliza taratibu kabisa, bila hasira: "Shangazi, kwani Mungu alibadili mawazo?" Nikamjibu kama tunavyojibu wote, kwamba wakati wa Mungu haujafika, avute subira. Akasema haya, akaaga. Lakini mwalimu anajua pale mwanafunzi anapoitikia "ndiyo mwalimu" ili tu aruhusiwe kutoka nje.

Usiku ule nikafungua Biblia yangu, ile ya Union ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu ndiyo tuliyokulia. Na kabla sijaisoma sentensi yenyewe, nikaliona neno la kwanza: "Maana". "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi..." Kalenda ilikuwa imelikata.

Mtaniona natafuta chawa kwenye upara. Lakini "maana" pale ni kiunganishi, na kiunganishi cha sababu hakianzi mazungumzo. Mtu akisema, "Usiku sitoki, maana kuna fisi," ukiyakata ya mbele unabaki na "kuna fisi", na msikilizaji hajui akimbie au alale. Mstari wa 11 unatoa sababu ya jambo lililokwisha kusemwa. Jambo gani? Nikapanda mstari mmoja juu, nikakuta hili: "Babeli utakapotimiziwa miaka sabini, nitawajilia ninyi, na kuwatimizia neno langu jema, kwa kuwarudisha mahali hapa."

Miaka sabini. Hiyo nayo haipo kwenye kalenda.

Nikaona sasa lazima nifanye kile nilichowalazimisha watoto wa watu kufanya kwa miaka 31 katika ufahamu: soma habari yote kwanza, ndipo ujibu swali. Na habari yenyewe ni barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli aliichukua Yerusalemu kwa mara ya kwanza, akaondoka na mfalme kijana Yekonia, mama yake mfalme, wakuu, mafundi na wahunzi. Hakuchukua watu ovyo, alichukua wenye ujuzi. Hekalu lilikuwa bado limesimama (lilikuja kubomolewa yapata miaka kumi baadaye), na Sedekia akawekwa kutawala waliobaki. Yeremia alibaki Yerusalemu. Barua yake ilibebwa na wajumbe wa Sedekia waliokuwa wanakwenda Babeli kwa shughuli za serikali, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Kwa lugha ya mtaani, ilipelekwa kwa mkono.

Na hawa waliochukuliwa si watu wa hadithi. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata Babeli mabamba ya udongo ya kugawia posho, na ndani yake limo jina la mfalme huyo wa Yuda, yeye na wanawe watano, wakipimiwa mafuta. Nilipolijua hilo nilisimama nikaenda kunywa maji. Mfalme, anapanga foleni ya mafuta kwenye daftari la stoo la mtu mwingine! Sasa barua kama hii inapokufikia uko katika hali hiyo, unatamani isemeje? Unatamani iseme mwezi ujao mnarudi.

Alikuwepo aliyesema hivyo. Ili uielewe sura ya 29 ni lazima uanze sura ya 28, kwa sababu zimefuatana kama kesi na hukumu. Yeremia alikuwa akitembea na nira ya mti shingoni, kuonyesha kwamba mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli. Akatokea Hanania mwana wa Azuri, nabii kutoka Gibeoni, akatangaza mbele ya makuhani na watu wote ndani ya nyumba ya Bwana kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, na Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Kisha akaivua ile nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja.

Ninachokipenda hapo ni jibu la kwanza la Yeremia. Alisema "Amina", Bwana na atende hivyo! Hakuwa mtu wa kufurahia mabaya, naye angependa iwe miaka miwili. Na nira ilipovunjwa hakuanzisha ugomvi, akaenda zake. Neno la Bwana kwamba mahali pa nira ya mti itakuja nira ya chuma lilikuja baadaye. Hanania akafa mwaka huohuo, mwezi wa saba, yaani miezi miwili tangu atoe unabii wake wa miaka miwili.

Ndipo barua. Inaanza kwa maneno ambayo mtu aliyefungasha mizigo tayari kurudi hapendi kuyasikia: jengeni nyumba, mkakae ndani yake, pandeni bustani, mle matunda yake, oeni, muwaoze wana wenu. Halafu mstari wa 7, ambao mimi sasa naupenda kuliko wa 11: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa BWANA, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Uombeeni mji wa adui. Amani ya mstari wa 11 na amani ya mstari wa 7 ni neno lilelile, hata katika Kiebrania, na huwezi kuipata ile ya 11 kwa kuiruka ile ya 7. Sijawahi kuona daladala iliyoandikwa "Yer. 29:7".

Na barua ilipofika haikupokewa kwa vigelegele. Shemaya Mnehelami, aliyekuwa hukohuko uhamishoni, aliandika kwa kuhani kule Yerusalemu kulalamika: mbona hamjamkemea huyu Yeremia, ametuandikia kwamba tutakaa sana, tujenge nyumba? Anamweka kwenye fungu la wenye wazimu wanaostahili kutiwa pingu. Yote yamo katika sura hiyohiyo. Kwa hiyo mstari ambao sisi tunauwekea fremu ya dhahabu, kuna aliyeusikia kwanza akataka mwandishi wake afungwe.

Nirudi kwenye kosa langu mwenyewe, maana nililifanya kwa mkono wangu. Kadi yangu ilisema "anayokuwazia wewe". Biblia inasema "ninayowawazia ninyi". Kiswahili chetu kimetubariki hapa. Kuna lugha ambazo mmoja na wengi huitwa kwa neno moja, msomaji asijue ni nani anayeambiwa; sisi "wewe" na "ninyi" haviwezi kuchanganyika, hata kitenzi kinakataa. Mwanafunzi wangu angebadili nafsi hivyo katika ufupisho ningemkata alama, tena ningeandika pembeni "soma tena swali". Mimi nilibadili nafsi katika Neno la Mungu ili litoshe kwenye kadi.

Na hao "ninyi" ni akina nani? Chukua fundi aliyepelekwa Babeli akiwa na miaka 30. Ongeza sabini. Huyo harudi. Hata ukihesabu kwa namna nyingine (wengine huanza 605 hadi Babeli ilipoanguka mwaka 539, wengine huanza hekalu lilipobomolewa mwaka 586 hadi lilipojengwa tena mwaka 516), wengi wa wale waliokusanyika siku ile barua inasomwa walizikwa kulekule. Ahadi ya kurudi ilikuwa yao kweli, lakini itatimia kwa miguu ya wajukuu. Ndiyo sababu barua inasisitiza waoe na wazae. Wasipozaa, hakuna wa kurudi.

Mwishoni mwa mstari wa 11 pana maneno mengine yanayoteleza: "kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho". Katika kikundi chetu cha Jumatano mama mmoja alidhani ni habari ya kitanda cha mauti, mwingine akadhani ni parapanda ya mwisho. Siwalaumu, ndivyo "siku za mwisho" inavyosikika kanisani. Mchungaji wetu, aliyejifunza Kiebrania chuoni, alitueleza kwamba pale pana maneno mawili tu yaliyounganishwa, mwisho na tumaini. Yaani haya mnayopita yana mwisho, na mwisho wake si giza. Na hayo "mawazo", tafsiri za Kiswahili cha leo hupenda kusema mipango. Yote mawili yanakubalika, ingawa mimi bado nalipenda "mawazo", kwa kuwa mama humuwazia mtoto hata asipokuwa na mpango wowote mkononi.

Kikundini kijana mmoja wa kwaya alinipinga vikali. Alisema: basi Shangazi, ukisoma hivyo unatunyang'anya mstari, inabaki barua ya Wayahudi kwa Wayahudi, sisi tuna nini humo? Ni hoja nzito, na wapo wasomi wanaosimama hapo. Mimi sikubaliani naye. Kanisa limejiita wageni na wapitaji tangu barua ya Petro, na barua iliyoandikwa kwa watu walio mbali na kwao inatuhusu. Ila ukiipokea, ipokee yote. Huwezi kuchukua mstari wa 11 ukawaachia Wayahudi ule wa 10.

Tena yupo mtu aliyeusoma unabii huu wa Yeremia zamani, na Biblia imetuachia namna alivyousoma. Danieli, sura ya 9, anasema alivisoma vitabu akaifahamu hesabu ya ile miaka sabini. Kisha akafanya nini? Alifunga, akavaa gunia na majivu, akaomba akisema "tumefanya dhambi", tumefanya, kwa wingi, naye akijihesabu ndani. Hakumwandikia mtu kadi.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu kidogo kikundini. Nikiona mstari unaanza na "basi", "lakini", "kwa kuwa", narudisha watu nyuma. Tukiwa watano tu siku ya mvua lazima atasimama mtu aseme "walipo wawili watatu", na mimi nawaomba tufungue Mathayo 18, kwa sababu mstari ule wa 20 unaanza na "kwa kuwa", na ukipanda juu unakuta habari ya ndugu aliyekosa, anayeendewa faraghani kwanza, kisha kwa mashahidi wawili au watatu. Mahudhurio madogo hayamo. "Nayaweza mambo yote" nayo ina jirani yake wa juu, Paulo anayesema amejifunza kushiba na kuona njaa, naye yuko kifungoni. Tatizo jingine ni namba zenyewe. Yeremia hakuandika namba. Mistari tunayoitumia leo katika Agano Jipya iliwekewa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, na Biblia nzima ikafuata muda mfupi baadaye. Namba zinatusaidia kufika pamoja ukurasani, lakini zimetuzoesha kudhani kila namba ni methali inayojitegemea.

Kijana wetu je? Alirudi kwangu mwezi wa nne, kunisaidia kupalilia. Jioni nikamwambia, nilikujibu vibaya siku ile, hebu tusome. Nikamsomea kuanzia 28:1 hadi mwisho wa 29, kwa sauti, bila kuhubiri. Alisikiliza akimenya mahindi. Tulipofika Hanania na miaka yake miwili alitabasamu, lakini akanyamaza. Nilipomaliza akasema, "Kumbe Shangazi, kwenye hii habari wewe ndiye ulikuwa Hanania."

Nikacheka mpaka machozi, kisha nikaona si la kuchekwa sana.

Mwaka uliofuata alirisiti. Sikumwandikia kadi. Nilimpa nauli na kalamu mbili.