Mbona nalipishwa kanisa na mimi Mwislamu?

Shikamoo mama. Tumehama London mwaka jana, sasa tuko kijijini Lincolnshire kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Mwezi wa tatu ilikuja karatasi ya kodi ya nyumba. Kuna mstari wa kaunti, wa wilaya, wa polisi, halafu chini kabisa umeandikwa Parish Council, pauni 71 kwa mwaka. Jirani nilipomuuliza akanyoosha kidole kwenye ukumbi ulio ubavuni mwa kanisa. Mimi ni Mwislamu. Sina ugomvi na kanisa la mtu, lakini kwa nini nilichangie kwa lazima? Na hao watu wa baraza ni akina nani, mbona sijawahi kuwaona? – Mama wa watoto wawili, Lincolnshire

Marahaba mwanangu. Nimecheka, ila sikukucheka wewe. Mwaka wangu wa kwanza hapa Suffolk nilimfuata kasisi nyumbani kwake kumlalamikia taa ya barabarani iliyozimika. Akanisikiliza kwa adabu, akaninywesha chai na biskuti, na mwisho akaniambia taa si zake.

Jina ndilo linalotuponza. Zamani mambo ya kijiji, pamoja na barabara na maskini wake, yalisimamiwa na kikao kilichokutana kanisani. Sheria ya mwaka 1894 ikatenganisha: ya ibada yakabaki kanisani, ya kijiji yakapewa baraza la kuchaguliwa na wakazi, wa dini yoyote na wasio na dini. Jina la parishi tu ndilo halikubadilika. Kanisa lina baraza lake jingine, na hilo halionekani kwenye karatasi yako ya kodi. Kwa hiyo pauni zako 71 haziendi kwenye sadaka. London hukuyaona haya kwa sababu huko mabaraza ya namna hii karibu hayapo. Lipo la Queen's Park.

Lifikirie kama serikali ya kijiji ya kwetu, lakini usilinganishe sana, utakata tamaa. Halmashauri ya kijiji Tanzania ina wajumbe 15 hadi 25 na inagawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu. Huku sheria inataka wajumbe wasiopungua watano tu, na baraza halina hata uwezo wa kumruhusu mtu aongeze chumba nyuma ya nyumba. Linaulizwa maoni, linaandika maoni, wilaya ndiyo inaamua. Kwetu mtendaji huletwa na wilaya. Huku karani huajiriwa na baraza lenyewe na mara nyingi ndiye pekee anayelipwa mshahara. Wa kijiji chetu analipwa saa nane kwa wiki, na ukitaka kujua lolote, humuulizi mwenyekiti, unamuuliza yeye.

Pesa yenyewe inakwenda wapi? Hapa kwetu ni karani, bima, kukata majani ya uwanja wa watoto, umeme wa taa kumi na moja (ile yangu iliwaka, baada ya miezi mitatu), mabenchi, na ubao wa matangazo. Vijiji vingine vina makaburi ya kutunza au ukumbi. Kiwango cha mwaka hupangwa kati ya Novemba na Januari. Ukija kulalamika Aprili na karatasi mkononi, chungu kimeshaepuliwa. Lakini hesabu una haki ya kuzikagua: kila mwaka hufunguliwa kwa siku 30 za kazi, na siku kumi za kwanza za kazi za Julai lazima ziwemo. Mwaka niliokwenda mimi, karani alifurahi kama mtu aliyepata mgeni wa Idi. Aliniambia hajawahi kuulizwa na mtu.

Kwa nini hujawaona? Kwa sababu wanakutana Jumanne ya mvua saa moja na nusu usiku. Nenda. Vikao viko wazi kwa sheria, huhitaji mwaliko. Mimi nilikwenda mara ya kwanza kwa ajili ya kituo cha basi, watoto walikuwa wanangojea basi la shule bila kibanda. Nilikuta wazee sita, mama mmoja, karani, na kiti kimoja cha wananchi, nikakikalia. Nikapewa dakika zangu tatu. Nikasema kwa uchungu, sauti ikanitetemeka. Mwenyekiti akashukuru, wakaendelea na habari za pipa la kinyesi cha mbwa. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamwambia mume wangu watu hawa wana dharau.

Kumbe nilikosea mlango. Baraza haliwezi kuamua jambo ambalo halimo kwenye ajenda, na ajenda lazima ibandikwe siku tatu kamili kabla, bila kuhesabu siku ya kuibandika, siku ya kikao wala Jumapili. Mwezi uliofuata nilimwandikia karani siku kumi mapema, nikaambatanisha picha ya watoto wamelowa chapachapa. Likawa jambo la saba kwenye orodha. Kibanda kilichukua miezi kumi na minne, maana mwenye ardhi ni kaunti. Lakini kipo.

Dada, hapa Norfolk barabara ya kwetu ina mashimo ya kumezea gari dogo. Nimemwandikia mjumbe wa parishi mara tatu. Hawa watu wanakula pesa? – Dereva kutoka Nakuru

Hapana kaka, hawana pesa ya kula. Barabara ni ya kaunti, mapipa ya taka ni ya wilaya. Ripoti shimo kwenye tovuti ya kaunti, weka picha, tunza namba watakayokupa, kisha mtumie karani hiyo namba. Barua ya karani yenye malalamiko ya watu wanane ina uzito kuliko hasira yako peke yako. Na ile video ya kikao cha baraza la parishi la Handforth, iliyosambaa mtandaoni Februari 2021, ambapo Jackie Weaver, aliyekuwa akikaimu ukarani, alimtoa mwenyekiti kwenye Zoom, usiichukue kama kipimo. Vikao vingi vinaleta usingizi.

Mama, mimi ni Mtanzania, sijachukua uraia. Naweza kupiga kura huku, au hata kugombea? Pia natamani shamba dogo la mchicha. – Mmoja wa wasomaji wako, Kent

Kura, ndiyo. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mwenye kibali halali cha kuishi anajiandikisha kama jirani yake Mwingereza, na kituoni pasipoti yake ya nyumbani inakubalika kama kitambulisho. Ndugu zetu Wakongomani na Warundi, mpaka wachukue uraia. Kugombea kunataka zaidi: uwe na miaka 18, uwe na kibali cha kudumu, na uwe umeandikishwa hapo au umeishi kijijini, au ndani ya maili tatu, mwaka mzima.

Mchicha sasa. Tafuta wapiga kura au walipa kodi sita wa kijijini, mwandike barua moja ya kuomba viwanja vya kulima. Kwa sheria ya mwaka 1908 baraza lazima liijadili. Kiwanja cha kawaida ni kama mita za mraba 250, mchicha wa ukoo mzima. Usipande mbegu kabla ya Mei, baridi itakuumbua.

Na kugombea usiogope. Kwetu viti vilikuwa saba, wagombea tukawa watano, hakuna hata kura iliyopigwa; viwili vilivyobaki baraza likateua watu. Kikao changu cha kwanza nilikabidhiwa funguo za ubao wa matangazo, na mpaka leo ninazo.