Acha Kupamba Kurasa kwa Mkono

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Mwongozo wake umefika kurasa 200, na kila akiongeza mchoro mmoja namba zote zinavurugika. Anauliza aanzie wapi. Ujumbe ule niliusoma mara tatu, kwa sababu hapo alipo yeye nimewahi kupita.

Mwongozo wangu mkubwa wa kwanza niliuandika kwenye FrameMaker, programu ya kuandalia hati ndefu, kana kwamba ni taipureta. Vichwa nilivikoza kimoja kimoja, namba za michoro nikazichapa mwenyewe. Siku moja kabla ya kukabidhi, nikaambiwa niongeze mchoro wa swichi sura ya pili. Nikauongeza, nikarekebisha namba chini ya michoro yote, nikazisahau zilizokuwa ndani ya sentensi. Fundi akasoma "tazama Mchoro 14", akautazama, akakuta nyaya za kifaa kingine kabisa. Hakuna aliyeumia. Lakini mkubwa wangu aliunyanyua mwongozo ule mbele ya wenzangu akauliza, "Nani alikagua hii?" Ni mimi niliyekagua. Miaka imepita na bado swali lile linaniuma.

Basi ndugu yangu, anza na mitindo, yaani mipangilio ya mwonekano wa aya iliyohifadhiwa kwa jina. Kila aya iwe na mtindo wake, na mtindo uitwe kwa kazi yake, si kwa mwonekano wake: Hatua, Onyo, MaelezoYaMchoro. Ukiuita NyekunduNzito, siku maonyo yakigeuzwa kuwa ya bluu utabaki na jina linalodanganya.

Kisha tazama chini ya dirisha, pale panapoandikwa jina la mtindo wa aya uliyopo. Likitanguliwa na kinyota, ujue aya hiyo imeguswa kwa mkono. Nilipoufungua tena mwongozo wangu, nilishuka aya kwa aya na kinyota hakikuondoka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya.

Namba za rejea usizichape kamwe. Ingiza rejea ya programu yenyewe, ili mchoro ukihama, namba ihame nao. Na sura zisirundikwe kwenye faili moja. Kila sura iwe na faili lake, halafu faili la kitabu lizikusanye. Ukisasisha kitabu, namba za kurasa, yaliyomo na faharasa vinapangika upya kwa pamoja.

Wiki iliyopita nimekabidhi toleo jipya la mwongozo uleule: kurasa 212, sura 11, kiolezo kimoja, yaani faili la mfano linalobeba mitindo yote. Dakika za mwisho wakataka fonti nyingine, na hatua zisogezwe ndani kidogo. Nikabadilisha kwenye kiolezo, nikaingiza mitindo yake kwenye sura zote kwa mkupuo, nikasasisha kitabu. Kazi iliyokuwa ikinikesha iliisha kabla ya kikao kwisha. Nilijivunia, na sioni haya kusema.

Sote tunaosoma hapa tunataka kuaminiwa kazi kubwa. Huaminiwi kwa sentensi nzuri peke yake. Mtu aliyeinama juu ya mashine iliyofunguliwa anaiamini namba uliyompa, na hiyo ni amana. Mitindo, nasema tena, mitindo kwanza.

Kwa hiyo leo tengeneza nakala ya faili zako zote, uiweke kando. Kisha fungua sura ile yenye vinyota vingi kuliko zote, uanze na aya ya kwanza.