Andikianeni kabla wimbo haujapendwa

Nilipiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki kwa miaka sita. Hatukuwa chini ya lebo yoyote, yaani kampuni ya muziki. Tulirekodi wenyewe, tukabeba spika wenyewe, na siku mashabiki walipoanza kuimba beti zetu kabla mwimbaji hajafungua kinywa, tulijua mambo yameiva. Miezi michache baadaye bendi ikavunjika. Tulikuwa tumevumilia ukata miaka yote hiyo. Kilichotushinda ni wimbo mmoja uliopendwa.

Ulizaliwa mazoezini. Mwimbaji alikuja na ubeti mmoja na kipande cha gitaa. Mpiga dramu akaupunguza mwendo, mimi nikauwekea besi, na ile besi ndiyo watu wanayoivumisha mdomoni hadi leo wakiukumbuka. Kwenye fomu ya kusajili wimbo likaingia jina moja tu. Mwenzetu hakutudhulumu kwa makusudi: aliamini kabisa kwamba mwenye maneno ndiye mtunzi, na sisi tuliona aibu kuuliza. Mirabaha, yaani malipo ya mtunzi wimbo unapotumika, ilipoanza kuingia, ikaenda kwake peke yake. Sitasahau jioni ya mwisho, mpiga dramu akilegeza skrubu za ngoma zake moja moja, taratibu, bila kumtazama yeyote.

Tusichokijua wakati ule ni hiki: wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti kabisa. Usipoandikwa kuwa mtunzi, fungu la utunzi halikuhusu hata wimbo upigwe redioni kila saa. Na fungu hilo lina maisha marefu. Katika nchi nyingi hudumu miaka 50 au 70 baada ya mtunzi kufariki. Ndiyo maana linagombanisha hata marafiki wa utotoni.

R.E.M., bendi ya roki iliyoanzia Athens, Georgia, Marekani, mwaka 1980, walilimaliza suala hili mapema. Nyimbo zao waliziandikisha kwa majina ya wote wanne, bila kupima nani kaleta nini. Walianza na lebo ndogo, wakapanda hadi kampuni kubwa, mpiga dramu wao Bill Berry akaondoka mwaka 1997, na waliobaki wakaendelea hadi 2011, walipoagana kwa amani. Sidai kwamba mgawo sawa unafaa kila bendi. Kama mmoja wenu anatunga kila kitu chumbani kwake, mpeni fungu kubwa, ila mkubaliane kwa sauti, wote mkiwa mmekaa.

Kuhusu kujitangaza nitasema machache, maana watu hulitaja jambo hilo kila siku. Arctic Monkeys, bendi ya Sheffield, Uingereza, waligawa bure CD za majaribio kwenye maonyesho yao, mashabiki wakazisambaza kwenye intaneti, na albamu yao ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2006 na lebo huru, isiyo chini ya kampuni kubwa, ikauza zaidi ya nakala 360,000 nchini mwao katika wiki moja. Lakini walikuwa tayari na nyimbo na ukumbi uliojaa. Intaneti ilibeba kitu kilichokuwepo.

Rudini kwenye karatasi ya makubaliano. Andikeni nani mtunzi wa kila wimbo na kwa asilimia ngapi. Andikeni rekodi ni ya nani, jina la bendi linabaki na nani, na anayeondoka anaondoka na nini. Hili la mwisho ndilo gumu kulitamka, kwa sababu linafanana na kumwombea mwenzako mabaya. Litamkeni hivyo hivyo. Lebo ikija, ulizeni inataka haki ipi kati ya zile mbili, kwa miaka mingapi, na lini inarudi kwenu. Kukodisha rekodi kwa muda na kuiuza moja kwa moja ni mikataba miwili tofauti, hata kama fedha mnayopewa mwanzoni ni ileile.

Sasa napiga na wenzangu wengine wawili. Karatasi yetu ina mistari tisa, na nakala yangu naiweka ndani ya mkoba wa besi. Tuliisaini wiki ya pili ya mazoezi, wimbo wetu wa kwanza ukiwa bado hauna hata kiitikio.