Usianze na turbo kaka

Umeuliza kama ukiifungia Glanza yako, ile Toyota Starlet ya turbo, turbo kubwa ya TD04 utoe ile ndogo CT9 ya kiwandani, uache vingine vyote vilivyo, gari itakwenda. Kwenda itakwenda kaka, lakini hiyo injini 4E-FTE ni ya 1.3 tu na turbo kubwa inaleta hewa nyingi, sasa petroli isipoongezeka injini inachoma konda, yaani hewa nyingi petroli kidogo, joto linapanda, pistoni zinatoboka. Mimi niliona kwa macho yangu, fundi kafungua hedi nikakuta pistoni ya tatu imeyeyuka ukingoni kama mshumaa, nililia wallahi.

Kwa hiyo pesa weka kwanza kwa injekta, pampu ya petroli na kupanga kompyuta upya kwa mtu ana geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, asikuambie nasikiliza kwa sikio. Na intakula pia, ile ya kupoza hewa inayotoka kwa turbo, hili joto letu la Malindi mwezi wa pili si la mchezo, hewa ikiingia moto injini inagonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani.

Lakini kabla ya yote hayo toa paipu ya hewa, shika shafti ya turbo kwa vidole uisukume mbele na nyuma. Ikicheza huko basi imeisha, pengine ndio sababu waona gari nzito, na CT9 nzima yenye oili safi itakufurahisha sana hapa hadi Watamu maana inavuta mapema, TD04 inachelewa kidogo kuamka. Niambie shafti imesemaje.