Ruhusa ya kujua simu ilipo itoke kwa hakimu

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo polisi waruhusiwe kujua simu ya mtu ilipo bila kibali cha mahakama. Jibu langu ni hapana, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini, na hata hapo hakimu aarifiwe ndani ya saa 24.

Sipingi ufuatiliaji wenyewe. Sisi tunaosafiri kwa basi kati ya Dodoma na Dar es Salaam tunaijua faida ya kifaa cha kufuatilia mwendo wa mabasi (VTS) kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini: dereva akizidisha mwendo mlio husikika, na abiria wa viti vya mbele huanza kumtupia maneno. Lakini dereva yule anajua anafuatiliwa na nani na kwa sababu gani, na akishuka kwenye usukani kazi ya kifaa juu yake imekwisha. Simu haina kushuka.

Simu iliyowashwa huwasiliana na minara hata kama mwenyewe hapigi wala hapigiwi, na kumbukumbu hubaki kwa kampuni ya simu. Na kwa kuwa laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kumbukumbu hiyo ina jina la mtu. Anayeisoma hana haja ya kusikiliza mazungumzo. Laini inayoonekana mara kwa mara jirani na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, imekwisha kueleza habari za mwenye nayo, au za mgonjwa wake, ambazo pengine hata ndugu hawajaambiwa. Tena kumbukumbu hiyo ina upofu wake: mjini minara imesongamana, lakini ukielekea Bahi au Manyoni mnara mmoja huhudumia eneo pana, hivyo mchungaji na mwizi wa ng'ombe wanaweza kuonekana wako mahali pamoja.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, na inataka sheria iseme haki hiyo itaingiliwa kwa namna gani na kwa kiasi gani. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru taarifa zitolewe kwa ajili ya upelelezi, yaani ofisi inayopeleleza ndiyo inayojipa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imetuletea Tume ya kusimamia ulinzi huo, jambo jema, ila nayo imeweka misamaha kwa masuala ya uhalifu na usalama wa taifa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na swali hili mwaka 2018 katika kesi ya Carpenter, ambaye polisi walichukua kumbukumbu za mahali simu yake ilipokuwa kwa siku 127. Kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba kwa kawaida kumbukumbu za namna hiyo zinahitaji hati ya mahakama. Mimi ningeongeza kwamba upelelezi ukiisha bila mashtaka, mhusika aelezwe kwamba alifuatiliwa, la sivyo hatakuwa na cha kulalamikia.

Watakaosema hakimu atachelewesha kazi wakumbuke kwamba mahakama zetu tayari husikiliza mashauri kwa njia ya video. Ombi la kurasa mbili kutoka wilayani Kongwa haliwezi kushindikana.