Mitumbwi huoza, Vasa haijaoza

SWALI: Namtembelea dada Stockholm na nina saa mbili za kuiona Vasa, meli ya kivita ya kale iliyozama na sasa iko kwenye jumba la makumbusho. Nianzie wapi? Na mbona mbao zake hazijaoza kama mitumbwi yetu ya Dunga?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Anza na modeli yenye milingoti na tanga zote. Skeli yake ni 1:10, kwa hiyo sentimita moja ni sentimita kumi za meli halisi. Kisha tazama tundu za mizinga za chini: ndizo zilizoingiza maji tarehe 10 Agosti 1628, upepo ulipoinamisha meli iliyokuwa nzito juu, farumi (uzito wa kuituliza meli, huwekwa chini kabisa) isiyotosha. Ilisafiri kama mita 1,300 tu! Hutaruhusiwa kuipanda, lakini zunguka kila ghorofa. Beba sweta, ndani ni baridi kwa ajili ya mbao.

Mitumbwi ya Dunga huloa, hukauka, huloa tena, na kuvu hupenda hivyo. Vasa ilizama mita 32 kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo, asikostawi kiumbe anayetoboa mbao baharini. Ilipoibuliwa 1961, ilinyunyiziwa dawa miaka 17 ili isipasuke ikikauka.