Maswali ya Wasomaji: Je, chanjo ya bakteria inaweza kurekebisha jeni iliyoharibika?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu amegundulika kuwa na saratani ya kibofu cha mkojo ambayo haijaingia kwenye msuli, na daktari ameamua kumtibu kwa BCG, yaani chanjo ile ile wanayochomwa watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu. Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia, na tumefundishwa kwamba saratani huanza pale jeni zinazoizuia zinapoharibika. Je, bakteria wa chanjo wanawezaje kuirekebisha jeni? Na kama hawairekebishi, wanatibu nini?

JIBU: Ndugu msomaji, tufikishie pole kwa mjomba wako. BCG hairekebishi jeni yoyote. Kazi yake ni kuiamsha kinga ya mwili ili iziue seli ambazo jeni zake zimekwisha kuharibika, na sababu ya madaktari kupitia njia hiyo ya kuzunguka inatokana na ugumu wa jeni zenyewe.

Karibu kila jeni iliyomo katika seli zetu ina nakala mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani, Alfred Knudson, alichunguza kumbukumbu za wagonjwa 48 wa saratani ya retina, ugonjwa wa watoto wadogo ambao mara nyingi hutambuliwa kwa mboni ya jicho kung'aa nyeupe kwenye picha. Aliona kwamba watoto waliorithi ugonjwa huo waliupata mapema, tena mara nyingi katika macho yote mawili, ilhali wasiourithi walichelewa kuupata na uliwashika jicho moja. Kutokana na hesabu hiyo alihitimisha kwamba yanahitajika mapigo mawili: mtoto aliyerithi huzaliwa akiwa na nakala moja mbovu katika kila seli, hivyo hubaki pigo moja tu, na mwingine hana budi kupatwa na yote mawili katika seli ile ile. Jeni yenyewe, RB1, ilipatikana mwaka 1986, na hadi leo huwa navutiwa na jinsi mtu alivyoweza kuielezea tabia yake miaka 15 kabla haijaonekana, akitumia umri wa wagonjwa na idadi ya macho.

Jeni inayojulikana zaidi katika kundi hili la jeni zinazozuia saratani ni TP53, ambayo hutengeneza protini iitwayo p53. Protini hii iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takriban miaka kumi watafiti waliidhania kuwa chanzo cha saratani, kwa kuwa nakala walizokuwa wakizitumia maabara zilikuwa tayari zimeharibika. DNA ya seli inapoumia, p53 hurundikana, husimamisha mgawanyiko ili marekebisho yafanyike, na jeraha likizidi huiamuru seli ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni hii. Tatizo huongezeka kwa sababu molekuli za p53 hufanya kazi zikiwa zimeungana nne nne, kiasi kwamba zile mbovu zikichanganyika na nzima huweza kuliharibia kundi lote kazi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa tiba. Dawa nyingi hufaulu kwa kuizuia protini inayofanya kazi kupita kiasi, lakini hapa kilichopo ni pengo, na pengo halina cha kuzuiwa. Mwaka 2003 China iliidhinisha tiba inayotumia virusi vilivyodhoofishwa kuibeba TP53 nzima hadi ndani ya uvimbe. Kikwazo ni kuifikisha jeni hiyo katika kila seli ya saratani, kwani zile zisizofikiwa huendelea kugawanyika.

Kuhusu BCG, historia yake ina jambo linalofanana na swali lako. Huko Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin waliwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa gliserini na nyongo, wakiwahamishia kwenye vipande vipya kila baada ya majuma machache. Walifanya hivyo mara 230 hivi kwa miaka 13, hata vita kuu ya kwanza ikawakuta kazini, na mwaka 1921 chanjo ikatolewa kwa mtoto kwa mara ya kwanza. Baadaye ilibainika kwamba katika safari hiyo bakteria hao walipoteza kipande cha DNA chenye jeni zinazowawezesha kuleta ugonjwa. Kupoteza jeni huifanya seli yetu kuwa ya hatari. Bakteria huyu kulimfanya kuwa dawa.

Matumizi yake katika kibofu yalielezwa na Alvaro Morales na wenzake nchini Kanada mwaka 1976. Mjomba wako atawekewa bakteria hai kibofuni kupitia mpira mwembamba, atakaa nao kwa muda wa saa mbili hivi kabla ya kukojoa, na kwa kawaida zoezi hilo hurudiwa mara moja kila juma kwa majuma sita. Bakteria hao hujishika kwenye utando wa kibofu, na seli za kinga zinapokusanyika kuwakabili huzishambulia pia seli za saratani.

Kwa kuwa bakteria hao wako hai, ni lazima amweleze daktari iwapo anatumia dawa zinazopunguza kinga. Kukojoa kwa maumivu na homa ndogo ya siku moja au mbili ni mambo ya kawaida. Homa kali au isiyokoma inamtaka arudi hospitali bila kungoja miadi. Katika saa sita za kwanza baada ya kila dozi akojoe akiwa ameketi ili mkojo usitapakae, kisha amimine dawa ya klorini chooni na kuiacha kwa dakika 15 kabla ya kumwaga maji.